Mwaka wa Mlango na Mwaka wa Gari

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Maskati, Dubai, London, Toronto na popote pengine riziki ilipowapeleka,

Tangu ile picha ya gari ilipozunguka katika simu zetu, wengi wenu mmeniuliza kwa nini mpwa wangu alikiuza kibao cha nambari alichokitafuta kwa hamu, akakitumia kwa miezi mitatu tu, tena akakiuza kwa hasara. Wapo waliosema alipungukiwa na fedha. Wapo waliosema aliogopa kijicho. Haikuwa hili wala lile. Nimemwomba ruhusa nikieleze kisa chenyewe, naye amekubali kwa sharti kwamba nisimtaje kwa jina na nisimtetee. Nitajaribu kulitimiza sharti hilo, lakini sitaweza kukieleza kisa bila ya kurudi nyuma, kwani kibao kile kilianza kuandikwa kabla hata ya gari kufika Unguja.

Jengo tunalokaa liko Fereej Bin Mahmoud, katikati ya mji wa Doha, baina ya barabara ya mzunguko ya B na ile ya C. Neno fereej katika Kiarabu cha Ghuba maana yake ni mtaa, na zamani mtaa huo ulikuwa wa watu wa ukoo mmoja au kabila moja, nyumba zinazojuana na kuombana chumvi. Leo mtaa wetu ni wa majengo ya kupangisha. Katika ngazi zetu hupishana Wamisri, Wasudani, Wahindi wa Kerala, Wapakistani, Wafilipino, na sisi wachache tunaoitana kwa Kiswahili. Marehemu baba alifika hapa mwaka 1973, miaka miwili baada ya Qatar kupata uhuru, akiwa na sanduku moja na cheti cha shule cha Unguja. Nyuma ya jengo pana kiwanja cha vumbi tunachoegesha magari, na hapo ndipo kisa hiki kilipotokea.

Palipoandikwa mwaka kwetu

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuandika mwaka, lakini hawakuuandika kwenye chombo cha kusafiria. Waliuandika mlangoni.

Mliobahatika kufika Mji Mkongwe mnaijua milango ile: mbao nzito za msaji au mfenesi, mfaa uliochongwa katikati, miimo yenye nakshi za maua, mawimbi na mnyororo, na juu yake kizingiti kilichobeba maandishi. Aghalabu huwa ni jina la Mwenyezi Mungu, pengine aya, pengine jina la mwenye nyumba, na mwaka wa Hijria. Katika Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, milango mikubwa ina maandishi ya Qur'ani yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Nyumba yetu ya Malindi haikuwa na dhahabu. Ilikuwa na bismillahi na tarakimu nne, 1310, yaani baina ya Julai 1892 na Julai 1893 kwa hesabu ya Kizungu.

Nataka mwangalie mahali yalipowekwa maandishi yale. Hayakuwekwa kwenye ubao wa chini unaopigwa teke na watoto, wala usawa wa mkono. Yaliwekwa juu ya vichwa vya watu. Mgeni aliingia chini yake, na mwenye nyumba alitoka chini yake. Hii ilikuwa ni adabu kabla ya kuwa mapambo. Jina la Mungu haliwekwi pale miguu inapopita, na mwaka wa nyumba hukaa karibu na jina hilo kwa sababu nyumba yenyewe ni amana.

Wanawake nao walikuwa na maandishi yao, nayo ni kanga. Tangu mwanzo wa karne ya 20 kanga ikawa na jina lake, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kilatini, na mwanamke akaweza kumwambia mke mwenziwe au jirani yake neno ambalo kinywa kisingethubutu kulitamka. Lakini kanga nayo ilikuwa na adabu yake. Shangazi yangu hakubali mpaka leo kukalia kanga iliyoandikwa jina la Mungu, na akiletewa zawadi ya namna hiyo huikunja akaiweka kabatini juu ya nguo nyingine zote.

Mimi huona kwamba kibao cha gari ni kanga ya wanaume wa Ghuba. Hutoka nacho barabarani, hupita nacho mbele za watu, nacho husema kwa niaba yao. Tofauti ni kwamba kanga ina nafasi ya methali nzima, na vibao vya magari ya watu binafsi hapa Qatar, kwa miaka mingi tuliyokaa, havikuwa na herufi hata moja. Vilikuwa na tarakimu tupu. Kwa hiyo aliyetaka kusema jambo hapa ilibidi aliseme kwa hesabu.

Nambari na wasomaji wake

Kusema kwa hesabu si jambo geni kwetu. Waliosoma vyuoni Unguja, Lamu na Mombasa waliijua abjadi: alifu ni moja, be ni mbili, jimu ni tatu, dali ni nne, na kuendelea hadi elfu. Kwa hesabu hiyo waalimu wa falaki walipima majina ya wachumba, siku za safari na saa za kuweka msingi wa nyumba. Jina la Allah kwa abjadi ni 66, na jina la Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ni 92. Bismillahi nzima, ukiijumlisha herufi kwa herufi, ni 786.

Hiyo 786 ndiyo iliyosafiri kuliko zote. Waislamu wa Bara Hindi huiandika mwanzoni mwa barua, juu ya mlango wa duka na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la hesabu, ili jina la Mungu lisitupwe jalalani karatasi itakapochakaa. Asili yake basi ni heshima. Lakini wapo wanavyuoni wengi, na wazee wetu wa Kiibadhi walikuwa miongoni mwao, wasioikubali nambari kushika nafasi ya jina. Husema kwamba bismillahi hutamkwa au huandikwa kama ilivyo, na hesabu ni hesabu. Ami yangu mmoja hapa Doha aliwahi kupata kibao chenye 786 ndani yake. Wapakistani wa mtaani wakawa wanamsalimia kwa mkono kifuani, na yeye akafurahi. Baba yangu alimtazama akiliosha gari lile baada ya mvua ya Januari, matope yakichuruzika juu ya kibao, akamuuliza swali moja tu: "Kama hiyo ni bismillahi, mbona umeiweka chini ya magoti yako? Na kama si bismillahi, unajivunia nini?" Ami hakuwa na jibu, ingawa kibao alibaki nacho.

Mtaa kama Bin Mahmoud humfundisha mtu kwamba nambari haisomwi na mwenyewe peke yake. Nambari 420 kwetu haina neno. Kwa Mhindi na Mpakistani ni tusi, kwa sababu kifungu cha 420 cha sheria ya jinai ya Uhindi kilihusu ulaghai, na mtu tapeli huitwa kwa nambari hiyo hadi leo. Sheria hiyo hiyo ilitumika Unguja na Kenya enzi za Waingereza, mpaka ilipobadilishwa katika miaka ya 1930, kama ambavyo rupia ya Uhindi ilivyotumika Unguja hadi 1936 na hapa Ghuba kwa miaka mingi zaidi. Babu zetu wangeuelewa utani wa 420 bila ya kufasiriwa. Jirani Mfilipino naye huepuka 13 na 666. Mchina huepuka 4, kwa sababu katika lugha yake hulingana kwa sauti na neno la kifo.

Nchi nazo zimejifunza somo hili, nyingine kwa aibu. Mjini Kabul, mwaka 2011, magari yenye 39 kwenye vibao yalikosa wanunuzi, kwani nambari hiyo ilihusishwa na kuwadi mmoja, na hata wajumbe wa Loya Jirga hawakutaka kamati yao iitwe ya 39. Ireland, ulipokaribia mwaka 2013, ilibadili mtindo wa vibao vyake ili mwaka uandikwe 131 na 132, na moja ya sababu ilikuwa hofu kwamba watu hawatanunua magari yenye 13. Mjini Delhi, mwezi Desemba 2021, mfuatano wa kawaida wa herufi za serikali ulitoa neno la Kiingereza lenye maana ya ngono kwenye vibao vya skuta, mpaka tume ya wanawake ya mji huo ikaingilia kati. Kenya iliruka kutoka KDE hadi KDG, kwa kuwa KDF ni jina la jeshi la nchi. Katika visa vyote hivi hakuna aliyekusudia ubaya. Waliopanga nambari waliangalia utaratibu, na waliozisoma waliangalia maisha yao.

Bei ya nambari fupi

Sitakaa sana kwenye habari za fedha, kwani mnazijua. Abu Dhabi, mwezi Februari 2008, kibao chenye nambari 1 kiliuzwa kwa dirhamu milioni 52.2. Dubai, katika Ramadhani ya mwaka 2023, kibao cha P 7 kilivuka hapo kikafika milioni 55, na fedha zikaenda kwenye kampeni ya kulisha wenye njaa. Hapa Qatar, Wizara ya Mambo ya Ndani hunadi nambari teule kwa njia ya simu, na mwaka 2022 zilinadiwa zenye nembo ya Kombe la Dunia. Hata kwetu, Serikali ya Tanzania katika bajeti ya 2016/17 ilipandisha ada ya kibao chenye jina la mwenye gari kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu.

Watu wa dini huuliza kama huu si israfu, na wanaonunua hujibu kwamba fedha nyingi huishia kwenye sadaka. Nawaachia wenye elimu. Linalonihusu mimi ni swali jingine: kwa nini sisi watu wa kuhama, tusio na mamilioni, tunazipenda nambari hizi kiasi hiki? Jibu ninalolipata katika kiwanja chetu cha vumbi ni jepesi. Fleti si yetu. Mlango si wetu, na hatuwezi kuutia msumari bila ya idhini ya mwenye jengo. Ukaazi wetu wenyewe huandikwa muda wake kwenye kadi. Katika vitu vyote tulivyo navyo mtaani hapa, gari ndilo lenye jina letu kwenye hati, na kibao ndicho kitu pekee mbele ya umma tunachoweza kuchagua kimeandikwa nini. Mwaka uliokuwa juu ya mlango wa Malindi ulitafuta pa kukaa, ukashukia kwenye bampa.

Kibao cha mpwa wangu

Mpwa wangu alizaliwa Doha na kusomea Doha. Unguja ameifika mara mbili. Alipopata kazi na kununua gari lake la kwanza, alitafuta mtu mwenye nambari ya tarakimu sita inayoishia na 1964. Haikuwa nambari ya mnada, lakini ilimgharimu mishahara miwili. Aliifunga siku ya Alhamisi, akapiga picha, akaituma kwenu nyote pamoja na dua ya kuwarehemu waliotutangulia.

Hapana haja ya kuwaeleza nyinyi mwaka huo. Tarehe 10 Disemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, na tarehe 12 Januari 1964 serikali hiyo ikapinduliwa. Ilikuwa Shaaban ya mwaka 1383, siku chache kabla ya Ramadhani. Watu wengi waliuawa, na wengi wao walikuwa Waarabu. Wengine waliwekwa kambini na kupakiwa vyomboni. Mashamba na majumba yakataifishwa. Babu yangu, ambaye sikumwona, alitoka asubuhi kwenda kumtazama ndugu yake na hakurudi. Kijana alitaka kumbukumbu hiyo isife. Nia yake ilikuwa njema, nami sikumkataza.

Aliyemkataza alikuwa shangazi yangu, ambaye kwake yeye ni bibi. Shangazi alikuwa msichana wa miaka tisa mwaka ule. Ijumaa asubuhi kijana alimteremsha ngazi ili ampeleke kwa daktari, akamfungulia mlango wa gari kwa adabu zote. Shangazi alisimama mbele ya gari, akatazama chini, akasoma. Kisha akageuka kuelekea ngazini.

"Bibi, tutachelewa," kijana akamwambia.

"Utachelewa wewe," akajibu. "Mimi siku ile naikumbuka bila ya kuandikiwa. Unataka nipande juu ya siku aliyokufa baba yangu, unipitishe nayo kwenye taa za barabarani?"

Alikwenda hospitali kwa teksi. Kijana aliumia sana, maana alikuwa amekinunua kibao kile kwa ajili yake.

Jambo la pili lilitokea jioni ya siku hiyo hiyo. Jirani yetu wa ghorofa ya pili ni mzaliwa wa Bumbwini, kaskazini ya Unguja, na ni dereva wa basi la shule. Ni mtu wetu wa karibu. Ramadhani sahani zetu za futari hupishana ngazini, na baba alipofariki yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Alirudi kazini, akaliona gari, akapiga hodi kwetu huku anacheka.

"Shikamoo ami," kijana akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hongera! Nimeona umetuwekea mwaka wetu."

"Mwaka wenu vipi, ami?"

"Si mwaka wa Mapinduzi? Marehemu babu alipata eka tatu kwa mwaka huo. Maisha yake yote alilima chini ya mikarafuu ya watu, na mti mmoja hakuwa nao. Nikasema, huyu kijana wa Kiarabu ana moyo mkubwa, kuuweka mwaka ule kwenye gari lake."

Hakuwa akifanya kejeli. Alidhani ni salamu. Alidhani kijana wetu, kwa ukarimu wa ujirani, ameiadhimisha furaha ya babu yake. Mpwa wangu alimtazama, akanitazama mimi, na hakuna aliyejua aseme nini. Nilimkaribisha jirani kahawa. Aliponyamaza kidogo na kutuona nyuso zetu alitambua mwenyewe. Akaweka kikombe chini. "Basi nisameheni," akasema. "Nimesoma ya kwangu."

Maneno hayo matatu sikuyasahau. Alikuwa amesoma ya kwake. Shangazi naye alisoma ya kwake, na kijana aliandika ya kwake. Tarakimu zilikuwa nne tu, na hakuna hata mmoja wa watu watatu hao aliyekosea.

Kituo kimoja cha treni

Siku zilizofuata kijana alitafuta njia ya kati. Alifikiria 1383, mwaka ule ule kwa Hijria, ambao jirani asingeutambua. Shangazi akasema kilichofichwa bado kipo. Ami akapendekeza 786, na tukamkumbusha swali la baba. Mwisho kijana akapata wazo lililotupendeza sote: 1310, mwaka wa mlango. Huo hauna damu, akasema. Ni mwaka wa kujenga.

Kabla hajautafuta, nilimwomba tutoke pamoja Jumamosi moja, na jirani akafuatana nasi. Tulipanda treni kituo cha Bin Mahmoud, kwenye njia ya dhahabu iliyofunguliwa mwaka 2019, tukashuka kituo kinachofuata, Msheireb. Hapo ipo nyumba ya Bin Jelmood, iliyokuwa zamani ya mfanyabiashara wa watumwa na ambayo tangu 2015 ni makumbusho ya historia ya utumwa katika Bahari ya Hindi. Qatar yenyewe ilifuta utumwa mwaka 1952. Ukutani mna habari za watu waliotolewa Afrika Mashariki wakaletwa Ghuba, wakapiga mbizi za lulu, wakafanya kazi majumbani, na wajukuu wao leo ni raia wa nchi hii. Tulizunguka kimya. Jirani alisimama muda mrefu mbele ya ramani ya njia za majahazi, kidole chake kikifuata mstari kutoka Unguja.

Nje, kivulini, kijana akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja na kuliogopa. "Nyumba ya Malindi ilijengwa mwaka 1310. Utumwa kwetu ulifutwa lini?"

Nikamjibu kama nijuavyo. Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Sultani Ali bin Said alipiga marufuku kuuza na kununua watu mwaka 1890. Lakini hali yenyewe ya utumwa haikuondolewa kisheria mpaka 1897, na masuria wakangoja hadi 1909. Nyumba iliyojengwa 1892 au 1893 ilijengwa baina ya tarehe hizo.

"Basi ni nani aliyebeba mawe yale?" akauliza.

Sikuwa na jina la kumpa. Katika makaratasi yetu yote ya ukoo, ambayo nimeyapanga kwa miaka ishirini, yamo majina ya walioposa na walioolewa, ya waliohiji na walionunua mashamba ya karafuu. Mchukuzi wa mawe hayumo, wala fundi aliyechonga mnyororo kwenye miimo. Watembeza watalii husema mnyororo ule ni alama ya utumwa, na wazee wetu walisema ni alama ya ulinzi wa nyumba. Mimi siku hiyo sikutaka kubishana na upande wowote. Jirani ndiye aliyelivunja lile zito. "Tupande treni," akasema. "Mama watoto amepika pilau ya nyinyi pia."

Nafasi ya maelezo

Wiki iliyofuata mpwa wangu alikiuza kibao cha 1964 kwa kijana ambaye alikipenda kwa sababu ni mwaka aliozaliwa baba yake. Hiyo ndiyo hasara mliyoisikia. Hakununua 1310. Alichukua nambari aliyopewa dirishani, tarakimu sita zisizo na mwaka, wala aya, wala hesabu ya abjadi inayotuhusu. Shangazi hupanda gari hilo. Jirani huliazima anapokwenda uwanja wa ndege kumpokea mgeni.

Wapo miongoni mwenu watakaosema tumeogopa, na kwamba watu waliopoteza nyumba na ndugu wana haki ya kuusema mwaka wao hadharani. Haki hiyo wanayo. Sikuandika haya ili mtu aisahau siku ile, na nyumbani kwetu kila Januari tunasoma khitma ya babu. Ninachokisema ni kwamba kibao kina nafasi ya tarakimu tu. Hakina nafasi ya kueleza kwamba babu alikuwa mtu mpole, kwamba aliuawa bila ya kosa, na kwamba wakati huo huo shamba lake la karafuu lililimwa na watu wasiokuwa na mti. Mlango wa Malindi nao ulikuwa hivyo hivyo. Ulisema bismillahi na 1310, ukanyamaza kuhusu mabega yaliyouinua. Mambo mazito namna hiyo yanataka karatasi, sauti na muda, na msikilizaji aliyeketi karibu ili aweze kusema, kama alivyosema jirani, kwamba amesoma ya kwake.

Ndiyo maana ninawaomba jambo moja. Kila nyumba yenu iliyo na picha ya mlango, iwe ya Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa, niletee picha hiyo pamoja na mwaka ulioandikwa juu yake. Kisha waulizeni wazee waliobaki, kabla hawajatutoka, swali alilouliza mpwa wangu: ni nani aliyebeba mawe? Jina moja likipatikana, hata la fundi, hata la mpishi aliyewapikia mafundi, tutaliandika kwenye shajara ya ukoo katika ukurasa wa nyumba hiyo. Hilo litakuwa na manufaa zaidi kwa wajukuu wetu kuliko nambari yoyote inayouzwa Ghuba nzima.

Picha ya mlango wetu nimeitundika sebuleni hapa Bin Mahmoud, juu kabisa, kwa gundi, maana msumari haturuhusiwi. Chini yake mpwa wangu ameandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, tarehe zote mbili, 1310 na 1964, na maelezo ya kila moja. Jirani alisoma yote, akaongeza mstari wake kuhusu zile eka tatu.